Kama ni kuhandisi mbegu kwa kubadili jeni zake, tuanze na karanga

Shangazi yangu analima Kongwa, mkoani Dodoma: mtama, uwele kidogo, na karanga. Msimu mmoja mvua ilikata Februari, nikafika shambani saa saba mchana. Mtama umesimama. Karanga zimekunja majani, hoi. "Hizi si kiu peke yake, mwanangu," akaniambia. "Jua limezichosha."

Yuko sahihi kuliko anavyojua. Ndani ya jani kuna kimeng'enya kiitwacho rubisco, ndicho kinachonasa hewa ya ukaa ili mmea utengeneze chakula. Joto likipanda, rubisco huzidi kukosea na kunasa oksijeni, kisha mmea unapoteza nguvu nyingi kurekebisha kosa hilo. Msaidizi wake, rubisco aktivesi, huwahi kuharibika kwa joto. Mtama, uwele na mahindi vimejaliwa kitu kama pampu, kinachorundika hewa ya ukaa pale rubisco ilipo. Karanga hazina. Kunde hazina, alizeti hazina, hata zabibu zetu hazina.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, wameliendea tatizo hilo moja kwa moja. Kwa kubadili jeni, waliipa tumbaku njia ya mkato ya kurekebisha lile kosa la rubisco, na mwaka 2019 wakatangaza kwamba mimea iliongezeka uzito kwa takriban asilimia 40 shambani. Baadaye wakahamia viazi mviringo; matokeo ya 2024 yalionyesha mavuno zaidi kwa asilimia 30, tena katika msimu uliopigwa na wimbi la joto.

Sisi Watanzania tulifanya nini? Mwaka 2016, hapo Makutupora, kituo cha utafiti wa kilimo Dodoma, tulipanda mahindi ya GMO, yaani yaliyobadilishwa jeni, ya kustahimili ukame. Mwishoni mwa 2018 serikali ikaamuru majaribio yasimame na mabaki yateketezwe. Wengi walishangilia. Mimi sikushangilia wala sikulia, maana naona zao lenyewe lilichaguliwa vibaya. Mahindi tayari yana pampu, na yale yalikuwa chotara: jeni hata itolewe bila ada, mkulima lazima arudi dukani kila msimu. (Na Mgogo anayeacha mtama akapanda mahindi, mara nyingi anakimbia ndege kwelea kwelea wanaokula mtama, si jua.)

Karanga ni habari nyingine. Ua lake hujichavusha lenyewe, kwa hiyo mbegu ya mwakani inabaki karibu ile ile, na jeni mpya haisambai ovyo hadi shamba la jirani. Alizeti ina soko kubwa zaidi, lakini nyuki hubeba chavua yake huku na huko, hiyo isubiri.

Najua kutaja karanga na Kongwa pamoja ni kuchokoza kidonda. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta hapa kulima karanga, wakateketeza mamilioni ya pauni, wakaondoka. Walikuja na jibu kabla ya kuugusa udongo. Ndiyo sababu nataka kitalu cha karanga zilizopewa njia ile ya mkato kizungushiwe uzio Makutupora, kisimamiwe na watafiti wetu, na mbegu ikifaulu iwe mali ya umma.

Nilipomweleza shangazi haya yote, neno GMO halikumshtua. Aliuliza tu kama mbegu hiyo itakaa kwenye kibuyu chake mpaka Desemba, apande bila kumwomba mtu.