Nani anawahesabu waliopotelea hifadhini?

Serikali ya shirikisho ya Marekani inamiliki takriban ekari milioni 640, zaidi kidogo ya robo ya nchi nzima. Humo mna misitu, majangwa, makorongo na vilele vya theluji, na hifadhi za taifa peke yake hutembelewa zaidi ya mara milioni 300 kwa mwaka. Lakini uliza ni watu wangapi waliingia katika ardhi hiyo wakatoweka, na hutapata ofisi moja yenye jibu kamili.

Chanzo chake ni mgawanyo wa madaraka. Hifadhi za taifa zina idara yake, NPS. Misitu ya taifa, yenye ekari zipatazo milioni 193, iko chini ya Wizara ya Kilimo. BLM, idara ya usimamizi wa ardhi ya shirikisho, nayo inasimamia ekari milioni 245 hivi, nyingi zikiwa nyika kame za magharibi. Mtu akipotea ndani ya Yosemite, askari wa hifadhi ndio huongoza msako. Akivuka mpaka na kupotelea kwenye msitu wa jirani, kwa kawaida kazi ni ya sherifu wa kaunti, na faili lake hubaki huko huko kaunti. Milima ni ile ile, ila kumbukumbu zimetawanyika.

Zipo kanzidata mbili za kitaifa za watu waliotoweka. NCIC ya FBI ni ya vyombo vya dola, mwananchi haioni. Tangu 2003 sheria inavitaka vyombo hivyo kuingiza humo kila aliyetoweka akiwa chini ya miaka 21, lakini kwa mtu mzima hakuna sharti kama hilo la shirikisho. Ya pili, NamUs ya Wizara ya Sheria, iko wazi kwa umma, ila kuingiza kesi humo ni hiari, isipokuwa katika majimbo yaliyolazimisha kwa sheria yao wenyewe. Mpanda mlima wa miaka 40 anaweza kukosekana katika zote mbili.

Kwa hiyo familia na waandishi wa habari huomba rekodi kwa kutumia sheria ya uhuru wa habari ya mwaka 1966, ofisi baada ya ofisi, na baadhi ya maombi hutozwa ada ya kutafutiwa nyaraka. Wanataka orodha moja iliyo wazi, na hoja yao ni nzito: mtu wao ametoweka kwenye ardhi ya umma, na msako umeendeshwa kwa fedha za umma. Tena pengo hilo la takwimu halikai tupu. Hujazwa na simulizi za viumbe wa ajabu na njama za siri, na hizo humuumiza mama anayesubiri kuliko ukimya wenyewe.

Wanaosita kuweka orodha hiyo wazi nao hawasemi ovyo. Gari likikutwa limeegeshwa mwanzoni mwa njia ya miguu, hilo halithibitishi kwamba mwenyewe aliingia msituni. Wapo watu wazima waliojiondokea kwa hiari yao, na wengine wanamkimbia mtu anayewapiga. Kutangaza mahali walipoonekana mwisho ni kumwonyesha anayewawinda pa kuanzia. Hoja hii naiona nzito kuliko zote. Ile ya uhaba wa askari, kwamba saa ya kujaza fomu ni saa iliyopotea mlimani, hainishawishi sana. Ripoti ya msako huandikwa vyovyote vile. Kuongeza ardhi hiyo ni ya nani ni kazi ya dakika moja.

Lakini pande zote mbili zinabishana kuhusu ambao hawajapatikana. Mtu akipatikana, NamUs humwondoa mbele ya umma, na ukurasa wa kesi za zamani wa NPS huonyesha zile tu ambazo hazijatatuliwa. Anayesoma orodha hizo hukutana na mafumbo matupu, kana kwamba misitu inameza watu. Yule aliyepatikana akiwa hai siku ya pili, akiwa ameufuata mkondo wa maji kuelekea bondeni, hayumo. Na rekodi yake ndiyo humsaidia kiongozi wa msako kujua pa kuanzia, kwa sababu mtoto wa miaka mitatu, mwindaji na mzee aliyepoteza kumbukumbu hawapotei kwa namna moja.

Juni 1969 mvulana ambaye hakuwa ametimiza miaka saba alitoweka katika milima ya Great Smoky. Watafutaji walifikia takriban 1,400 kwa siku, wakakanyaga ardhi ambayo huenda ilikuwa na nyayo zake. Hakupatikana kamwe. NPS iliuchambua msako huo na kubadili namna ya kutafuta watu. Somo hilo lilipatikana kwa sababu kesi iliandikwa kwa kina, ikasomwa na watu wengine mbali na walioifungua.

Ndiyo maana natetea rejesta moja, yenye masharti. Kila ripoti ya mtu aliyetoweka itaje ardhi ilikuwa chini ya nani, mahali pa mwisho alipojulikana kuwapo, na mwisho wa kesi ulivyokuwa. Aliyepatikana hai jina lake lifutwe, lakini umbali, siku, hali ya hewa na alikokutwa vibaki. Anayehofiwa kuwa anamkimbia mtu asitangazwe kabisa, ahesabiwe tu. Sheria iitwayo Savanna's Act ya mwaka 2020, iliyoibana Wizara ya Sheria kuhusu takwimu na miongozo ya kesi za wazawa wa Marekani waliotoweka au kuuawa, inaonyesha kwamba Bunge linaweza kuzibana ofisi zilizozoea kila moja kushika daftari lake. Kwa misitu na hifadhi, sheria ya namna hiyo bado inasubiriwa, na wanaoisubiri kwa uchungu zaidi ni wale ambao simu yao ya kwanza iliishia kuambiwa wapige kaunti nyingine.