Treni ya watalii Moshi–Arusha: mgeni kwenye reli ya TRC

Kila yanapozuka mazungumzo ya utalii hapa Arusha, hakosi mtu wa kusema reli ya kutoka Moshi ipewe treni ya kumbukumbu: mabehewa ya kale yaliyokarabatiwa, ikiwezekana injini ya moshi, na Kilimanjaro ikionekana dirishani. Wanaounga mkono wanaona dola. Wanaopinga wanaona starehe ya wageni kwenye njia ambayo mwananchi karudishiwa juzi tu. Kwangu mimi swali ni jingine: mgeni huyo ataingia kwenye reli ya taifa, iliyo chini ya Shirika la Reli Tanzania (TRC), kwa masharti gani?

Wapinzani wana historia upande wao. Wajerumani walianza kujenga reli hii Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi 1911; Arusha ilisubiri hadi enzi za Waingereza. Baadaye ikafa polepole, abiria wakitangulia kuikosa, kisha mizigo. Nyasi zikafunika mataruma, watu wakajenga ndani ya hifadhi ya reli, na kazi ya kufufua njia ilipoanza wengi wakaamka na alama ya X ukutani. Treni ya abiria ilirudi Moshi Desemba 2019 na Arusha Oktoba 2020. Baada ya usumbufu huo wote, ukimwambia mkazi wa Usa River kwamba treni yake isubiri watalii wapite, usitegemee akupigie makofi.

Na kusubiri si jambo la kufikirika. Njia ni moja. Treni ikishaingia kati ya stesheni mbili, nyingine haiingii mpaka ya kwanza itoke au ikae pembeni kwenye njia ya kupishana. Injini kuukuu ikiharibika katikati, mizigo na abiria wote wanakwama nyuma yake.

Lakini tuutazame upande wa pili bila kejeli. Safari za abiria huku kaskazini bado ni chache kwa wiki, ilhali daraja na kokoto vinadai matengenezo treni ipite isipite. Anayelipia kupita saa ambazo njia ni tupu anasaidia kubeba gharama hizo. Uingereza, ambako wapenzi wa treni waliokoa reli ya Talyllyn mwaka 1951 kwa kujitolea, wengine wameshavuka hatua hiyo. Reli ya North Yorkshire Moors ina njia yake yenyewe, lakini tangu 2007 treni zake huendelea hadi mji wa pwani wa Whitby kwa kupita kwenye reli ya taifa, kwa ratiba na kanuni za mwenye reli.

Bluebell, reli nyingine ya kumbukumbu huko huko Uingereza, inaonyesha hasara ya kukatika. Kipande chake cha kwenda East Grinstead kiling'olewa, na mkato mmoja, yaani mfereji uliochimbwa kupitisha reli, ukageuzwa dampo la taka za majumbani. Ili kuungana tena na reli ya taifa, ilibidi wazoe taka hizo kwa miaka, hadi Machi 2013.

Hata huko Uingereza mambo si shwari. Treni ya moshi ya Jacobite, inayotoka Fort William kwenda Mallaig huko Scotland, ilivutana na mamlaka ya usalama kwa sababu ya milango. Mabehewa yake ya kale yana milango ya kufunguliwa kwa mkono, na mamlaka ikataka mfumo wa kuifunga yote kwa pamoja. Kampuni ikadai gharama ni kubwa mno, ikaenda mahakamani, ikashindwa Desemba 2023. Ukitaka kupita njia ya taifa, huwezi kuomba usalama wa kizamani.

Ndiyo maana injini ya moshi siishabikii. Cheche zake kwenye nyika kavu za Hai wakati wa kiangazi ni balaa. Hao hao wa North Yorkshire hulazimika kutumia dizeli ukame unapozidi. (Wapo wanaotamani injini kubwa za Garratt zilizoko makumbusho ya reli Nairobi, mbili zikiwa na majina ya milima yetu, Gelai na Shengena. Kila moja ina tani zaidi ya 250, na zilikuwa za njia ya Mombasa. Tuziache huko.) Mabehewa ya zamani yavutwe na dizeli ya TRC, na dereva wa TRC.

Kinachonifanya niseme mazungumzo yaanze sasa ni mpango wa SGR, yaani reli mpya ya kisasa iliyo pana zaidi, ya Tanga, Arusha hadi Musoma. Wakenya walipofungua SGR yao mwaka 2017, treni ya abiria ya Nairobi–Mombasa kwenye reli ya zamani ikasimama. Siku yetu ikifika, reli hii ya zamani yenye upana wa mita moja itahitaji mtu mwenye sababu ya kuitunza, na mtu huyo ni rahisi kumpata njia ikiwa bado inapitika.

Mkataba basi uwe mkali: treni ya abiria na ya mizigo zitangulie, mgeni alipe kwa kila kilomita, na akichelewesha treni ya TRC alipe faini. Mwekezaji atakayekimbia masharti hayo alikuwa anatafuta reli ya bure.