Asilimia 55 na dawati la marejeo

Mzee anaingia maktaba, anauliza vitabu vya sheria viko wapi. Mkutubi anamnyooshea kidole kwenye rafu na kuchora kistari kimoja kwenye karatasi ya takwimu, inayohesabu maswali yaliyojibiwa. Siku nyingine, mzee huyohuyo anamkuta mkutubi mwingine. "Shikamoo mzee, karibu ukae. Ni jambo gani hasa unataka kulijua?" Kumbe jirani ameingia shambani kwake kijijini, na anataka kujua Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inalipa baraza la ardhi la kijiji uwezo gani. Wanakaa pamoja dakika 45, wanafungua kifungu kwa kifungu. Hapo pia kinachorwa kistari kimoja.

Mwisho wa mwezi vistari vinajumlishwa, na jumla hiyo ndiyo hubebwa kwenye tathmini ya mtumishi. Tanzania tulianza na OPRAS, mfumo wa fomu za kupima utendaji wa watumishi wa umma, mwaka 2004, na tangu 2023 tuna PEPMIS, mfumo wa kompyuta wa kazi hiyohiyo. Karatasi imepisha kompyuta, lakini lengo ambalo mtumishi na msimamizi wake hukubaliana upesi bado ni lile lenye idadi. Idadi ina kazi yake: bila hiyo mkuu wa maktaba hana cha kuonyesha anapoomba fedha au mtumishi wa ziada. Ila inampandisha mkutubi wa kwanza na kumshusha wa pili, na hilo linaniuma, kwa sababu wa pili ndiye aliyefanya kazi ya marejeo, yaani kumsaidia msomaji mpaka apate jibu la swali lake.

Njia inayoshindana na vistari ni kupima majibu yenyewe, nayo imechukiwa na wakutubi kwa zaidi ya nusu karne. Ilishika kasi Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960, pale mtafiti Terence Crowley alipotuma watu waliojifanya wasomaji wa kawaida kuuliza maswali ambayo majibu yake yalishajulikana. Mwaka 1983 jimbo la Maryland lilifanya hivyo kwa upana: maktaba 60, maswali 40 kwa kila moja, jumla 2,400. Majibu sahihi na kamili yalikuwa asilimia 55. Tafiti nyingine zilizunguka hapohapo, hata watafiti Peter Hernon na Charles McClure wakaiita "kanuni ya asilimia 55" mwaka 1986.

Naelewa kwa nini wakutubi waliumia. Kupimwa bila kujua ni kama kuwekewa mpelelezi. Tena maswali yalichaguliwa kwa kuwa yana jibu fupi moja, wakati dawati halisi hupokea maswali yasiyo na umbo. Mtafiti Joan Durrance alipendekeza mwaka 1989 kwamba msomaji aulizwe kama angependa kurudi kwa mkutubi yuleyule. Mwaka 2002 mtafiti mwingine, John Richardson, alionyesha kuwa ukipima kama msomaji alielekezwa kwenye chanzo au njia sahihi, mafanikio yanafika asilimia 90. Hoja hizi zina uzito, na mtu asiitumie namba 55 kumfukuzia mtu kazi.

Lakini wengi wanaoitaja namba hiyo, wawe wanaishambulia au wanaitumia kama fimbo, huishia kwenye namba. Maryland hawakuishia hapo. Walitafuta kinachotenganisha majibu mazuri na mabaya, na ukubwa wa mkusanyiko wa vitabu ulionekana kuwa na athari ndogo. Idadi ya watumishi na wingi wa shughuli siku hiyo, vivyo hivyo. Kilicholeta tofauti ni mwenendo wa mkutubi katika mazungumzo: kulirudia swali kwa maneno yake ili ahakikishe amelielewa, kuchimba zaidi, na zaidi ya yote kumuuliza msomaji kabla hajaondoka, "Je, hili limejibu swali lako lote?" Wakutubi waliofundishwa mwenendo huo walipopimwa tena, matokeo yalipanda.

Sisi tumezoea kusema huduma ni dhaifu kwa sababu vitabu ni vichache na vya zamani, na ni kweli ni vichache. Hata hivyo, sentensi ile haihitaji bajeti. Nimesimama mara nyingi mbele ya madawati ya marejeo, na sikumbuki kuulizwa hivyo zaidi ya mara mbili. Patricia Dewdney na Catherine Ross, waliowatuma wanafunzi wa ukutubi wa Kanada na maswali yao ya kweli, walikuta kosa la kawaida ni mkutubi kumpa msomaji namba ya rafu kisha asimfuate kujua kama alipata kitu. Kwenye karatasi ya vistari kosa hilo ni swali lililojibiwa.

Kutuma wapimaji wa siri kwenye mji mdogo ambako mkutubi anamjua kila mtu sidhani kama kutafaa, na imani ikivunjika kwenye dawati hairudi haraka. Mkutubi mwandamizi anaweza kukaa wazi kando ya dawati nusu saa kwa wiki, mwenzake akijua, kisha wazungumze wawili juu ya maswali waliyoyasikia. Msomaji naye anaweza kuulizwa mlangoni kama alichofuata amekipata. Msimu wa mitihani, mkutubi akiwa peke yake na wanafunzi wamejaa hadi ngazini, kipimo hicho kisimamishwe, kwa sababu hapo kitapima upungufu wa watumishi. Miezi mingine, matokeo yake yaingie kwenye fomu ya tathmini pamoja na idadi, na yule aliyekaa dakika 45 na mzee wa shamba asikatwe alama kwa sababu hiyo.