Bernie Grant: kauli moja, viti viwili

Likitajwa jina la Bernie Grant, wengi hukimbilia sentensi moja. Aliitamka Oktoba 1985 akiwa kiongozi wa halmashauri ya Haringey, kaskazini mwa London, siku chache baada ya ghasia za Broadwater Farm, mtaa wa Tottenham ndani ya Haringey: kwamba polisi walichopata ni kipigo cha haja. Naamini ile kauli ilikuwa kosa. Naamini vilevile kwamba aliyeisema alikuja kuwa mbunge wa maana sana, na kwamba ulimi uliomponza kwenye kiti kimoja ndio uliomfaa kwenye kingine.

Turudi nyuma kidogo. Tarehe 5 Oktoba 1985 polisi walikwenda kupekua nyumba ya Cynthia Jarrett, mama Mweusi wa Tottenham, baada ya kumkamata mwanawe. Upekuzi ukiendelea, mama yule alianguka, moyo ukasimama. Wiki moja tu kabla ya hapo, huko Brixton, kusini mwa London, mama mwingine Mweusi, Cherry Groce, alikuwa amepigwa risasi na polisi nyumbani kwake akapooza. Jeraha lilikuwa bado bichi.

Usiku wa tarehe 6 Broadwater Farm ikawaka moto. Ulikuwa mtaa wa maghorofa ya halmashauri uliosimamishwa juu ya nguzo: chini maegesho ya magari, juu vijia vya zege vya kutoka jengo hadi jengo. Konstebo Keith Blakelock alikwenda na wenzake kuwalinda wazima moto. Waliposhambuliwa na kuanza kurudi nyuma alijikwaa, na kundi likamvamia pale pale chini na kumuua kwa visu na mapanga. Aliacha mke na watoto watatu.

Ndipo Grant akasema aliyoyasema. Utetezi wake ulikuwa kwamba alifikisha yaliyokuwa yakisemwa na vijana wa mtaa, na kweli yalikuwa yakisemwa. Pia kuna jambo ambalo waliomshutumu walilipita haraka. Halmashauri ndiyo iliyokuwa na nyumba zile, ikikusanya kodi ya pango na kukarabati lifti, lakini haikuwa na kauli yoyote juu ya polisi waliokuwa wakiingia humo. Polisi wa London walikuwa chini ya waziri wa mambo ya ndani. Unakabidhiwa funguo za nyumba, mlango unavunjwa na mtu ambaye huwezi hata kumwita kumuuliza. Hasira yake naielewa kabisa.

Hata hivyo kiongozi wa halmashauri ni mzazi wa nyumba nzima. Haringey ilikuwa na wazee wa Kizungu waliolala na hofu usiku ule, na familia za Kikaribi zilizotaka haki kwa Cynthia Jarrett bila kutaka damu ya mtu. Wote hao walikuwa wake. Maiti ya askari haijazikwa, mwenye nyumba hageuki tarishi wa upande mmoja. Hapo aliteleza, na magazeti, yaliyokwisha kumpachika jina la mwehu, hayakumsamehe.

Halafu, Juni 1987, Tottenham wakampeleka bungeni. Alishinda kwa zaidi ya kura 4,000. Pamoja naye waliingia Diane Abbott, Paul Boateng na Keith Vaz, nao pia si Wazungu. Kwenye ufunguzi rasmi wa bunge aliwahi kufika na vazi pana la pamba la Afrika Magharibi, katikati ya suti nyeusi. Wapo walioona maonyesho tu. Mimi namkumbuka kijana kutoka Guyana aliyefika Uingereza mwaka 1963, akaacha masomo ya uhandisi wa migodi katika chuo kikuu cha Heriot-Watt kwa sababu nafasi za kwenda Afrika Kusini zilikuwa za wanafunzi Wazungu peke yao. Hakuanza kupinga siku alipoona kamera.

Kiti cha ubunge kilimkaa. Mbunge wa kawaida hana mafundi wala bajeti ya lifti, ana sauti. Mwaka 1991 hukumu za watu watatu waliofungwa kwa mauaji ya Blakelock zilitenguliwa, na waliokuwa wakipiga kelele kuhusu ushahidi uliotumika dhidi yao, Grant akiwemo, wakaonekana hawakuwa wendawazimu. Mwaka 1993 alikwenda Abuja kwenye mkutano wa fidia ya utumwa na ukoloni, hoja iliyosukumwa na jopo la Umoja wa Nchi Huru za Afrika ambamo alikuwemo Ali Mazrui wetu wa Mombasa. Aliporudi akaanzisha vuguvugu la fidia Uingereza, wakati wenzake wa chama chake cha Labour hawakutaka hata kulisikia neno hilo.

Upande wa pili una hoja nzito zaidi ya ile sentensi. Mweusi wa kwanza kuongoza halmashauri nchini humo alikaa kwenye kiti hicho miaka miwili tu. Aliye karibu na maisha ya mpangaji ni halmashauri, na fidia haizibi paa linalovuja. Pia mwaka huohuo wa 1993 alitaka serikali iwasaidie kwa fedha watu wa Karibi wanaopenda kurudi kwao, bila kuona wabaguzi watakavyolishangilia wazo hilo. Ulimi wake ulikuwa haujajifunza kupima nani mwingine anasikiliza.

Lakini wapiga kura walimpima kwa muda mrefu kuliko wahariri. Mwaka 1997 tofauti ya kura zake ilipita 20,000. Alifariki Aprili 2000, akiwa na miaka 56, na David Lammy akachukua kiti. Miaka ile ya 1990 Grant alikuwa ameyaandikia makumbusho ya jiji la Glasgow akitaka vinyago vya ufalme wa kale wa Benin virudishwe Nigeria, akakataliwa. Mwaka 2022 Glasgow ilikubali kuvirudisha. Kwa kifo cha Keith Blakelock, mpaka leo hakuna mtu ambaye hukumu yake ya mauaji imesimama.