Idadi Ikirudi, Aliyerudi ni Nani? Mji Baada ya Tetemeko, na Vilima vya Mwanza

Tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliupiga mkoa wa Kagera na kusikika hadi Mwanza, ng'ambo ya ziwa. Liliangusha nyumba zaidi ya 2,000, likaziharibu vibaya shule kongwe za Ihungo na Nyakato, na mapema mwaka 2017 Serikali ikaeleza kwamba fedha za michango zingeelekezwa kwenye taasisi na miundombinu ya umma, huku kila kaya ikijijengea yenyewe. Kwa mkazi wa Mwanza swali lililobaki, la wapi watu wajenge upya tetemeko likipiga, ni gumu zaidi, kwa sababu jiji lake limepanda milimani. Wako wanaosema wakazi wa Mabatini, Igogo na Bugarika wahamishiwe viwanja vilivyopimwa pembezoni, upande wa Buhongwa au Kisesa. Na wako wanaosema kwamba hata nyumba zikianguka, watu wasaidiwe kujenga palepale walipo. Kundi hili la pili huhesabiwa kuwa ni watetezi wa makazi holela, na hapo ndipo nionapo kuna dhuluma kidogo.

Hoja ya kuhamisha si ya kubeza. Mjini Christchurch, New Zealand, tetemeko la tarehe 22 Februari 2011 liliua watu 185, na udongo wa kandokando ya mto Avon ukageuka tope chini ya nyumba. Serikali ilichora mipaka ya eneo jekundu, ikanunua takriban nyumba 8,000 kwa thamani ya tathmini ya mwaka 2007, ikazibomoa na kuiacha ardhi wazi. Jiji lilipungukiwa na watu, wilaya jirani za Selwyn na Waimakariri zikajaa, mafundi ujenzi wakaja hata kutoka Ufilipino, na baada ya miaka kadhaa idadi ya watu ikarudi ilipokuwa. Lakini kilichouendesha utaratibu ule ni bima na daftari la tathmini, vitu ambavyo wakazi wengi wa vilima vyetu hawana, na ofa ile ilimlenga mwenye mali. Mpangaji alifunga mizigo yake tu.

Ni hilo la idadi kurudi ambalo linahitaji kutazamwa kwa makini, maana ndilo hutajwa kila mara kuwa ushahidi kwamba mji umepona. Kobe, nchini Japani, ilipigwa na tetemeko tarehe 17 Januari 1995. Watu 6,434 walipoteza maisha katika jiji hilo na maeneo jirani, na idadi ya wakazi wake, iliyokuwa kama milioni 1.52, ikashuka kwa takriban laki moja. Mwaka 2004 idadi ilirudi pale pale, na anayesoma jumla peke yake ataridhika. Akishuka kwenye hesabu za kata kwa kata ataona jambo jingine: kata za mashariki, zilizo karibu na Osaka na zenye maghorofa mapya, zilipita idadi yao ya zamani, wakati Nagata, iliyokuwa na nyumba za mbao zilizobanana na karakana ndogo za viatu vya plastiki, haikurudi. Wazee wengi walipelekwa kwenye nyumba za muda zilizojengwa mbali na mitaa yao, na vifo vya watu waliofariki peke yao, bila jirani kujua, vikawa aibu ya taifa zima. Bandari nayo, iliyokuwa miongoni mwa bandari kubwa za makontena duniani, ilijengwa upya, lakini meli zilikuwa zimekwisha kuzoea Busan na kwingineko. Kwa hiyo jumla ya 2004 ilikuwa sahihi kama hesabu, ila ilihesabu watu wengine, wenye kazi nyingine, katika sehemu nyingine za jiji lile lile. Kama kipimo cha kupona ni hicho, basi mji unaweza kupona huku walioumia wakiwa wameondoka.

Mfano unaowapa nguvu watetezi wa kujenga palepale ni Jiji la Mexico. Tetemeko la tarehe 19 Septemba 1985 lilipoangusha nyumba za wapangaji katikati ya jiji, hofu kubwa ya wapangaji hao ilikuwa kuhamishiwa pembezoni. Walijipanga, wakaandamana, na Oktoba mwaka huo huo Serikali ikatwaa maelfu ya viwanja kwa amri ya rais. Ndani ya takriban miaka miwili zikajengwa nyumba zaidi ya 40,000, nyingi mahali pale pale, na wapangaji wakauziwa kwa mkopo nafuu. Waliishi kwenye mabanda ya muda karibu na eneo la ujenzi, kwa hiyo hawakupoteza soko, shule wala kibarua.

Tetemeko hilo lina somo jingine ambalo wapenda viwanja vya tambarare hulisahau. Kitovu chake kilikuwa zaidi ya kilomita 350 kutoka jijini, lakini uharibifu mkubwa ulitokea palipokuwa kitanda cha ziwa la kale, kwa sababu udongo laini huzidisha mtikisiko. Mwanza imekaa juu ya miamba ya matale, na mwamba mgumu hutikisika kidogo kuliko mashapo ya ufukweni. Hatari ya milimani ipo, lakini ni ya majabali yaliyoegemea bila kushikwa na kuta za tofali zisizo na nguzo wala mkanda wa zege. Kuta hizo zinaporudiwa hivyo hivyo Buhongwa, hatari imehama pamoja na mwenyewe.

Halafu kuna kazi. Mama anayeshusha dagaa Mwaloni Kirumba, kijana wa kiwanda cha minofu ya sangara, machinga wa Makoroboi na mgonga kokoto wa mlimani wamepanga chumba pale walipo kwa sababu wanafika kazini kwa miguu alfajiri. Nauli ya daladala mbili kila siku, kwenda na kurudi, inakula sehemu ya kipato ambayo haikuwahi kuwa na nafasi, na anayeshindwa kuimudu ataacha kiwanja kile na kurudi kupanga mlimani, safari hii kwa kodi kubwa zaidi, kwa kuwa vyumba vimepungua. Wanaopanga miji huliita hilo ukaidi. Kwa mpangaji ni hesabu ya jikoni.

Sisemi kila nyumba ibaki. Zilizo chini ya majabali yanayoonekana kulegea ziondolewe, na hapo viwanja vya pembezoni vina kazi yake, mradi barabara na usafiri vitangulie. Kwa nyingine zote, fedha ya kuhamisha ingefaa zaidi kununua nondo, saruji na mafundi waliofundishwa kufunga mkanda wa zege. Na kwa kuwa urasimishaji wa makazi umekuwa ukimwandika mwenye kiwanja, wenyeviti wa mitaa na wajumbe wangeanza sasa kuwaandika na wapangaji, chumba kwa chumba, pamoja na mahali wanapofanyia kazi. Daftari hilo likisubiri tetemeko, fidia itafuata hati, na mwenye chumba kimoja cha kupanga Igogo hatakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba aliwahi kuishi pale.