Pumzi ya dadangu haijarudi

Hii habari ya kama serikali inafaa kusaidia wahudumu wa afya ambao korona iliwaachia ugonjwa usioisha imenigusa sana. Dadangu ni nesi hapa Kisumu, aliugua 2020 akiwa wodini na mpaka leo akipanda ngazi hafiki juu kabla akae chini, mkono kifuani, na bado anapangiwa naiti. Sheria ya fidia kwa wanaoumia ama kuugua kazini iko hapa Kenya tangu 2007 lakini utathibitisha aje uliambukizwa kazini na si kwa matatu ya Kondele? Hata Uingereza, baraza lao la kushauri serikali kuhusu magonjwa ya kazini lilipendekeza 2022 walipwe wenye madhara fulani tu kama damu kuganda mapafuni, huu uchovu usioisha wa baada ya korona ukaachwa nje. Saa hii inhela ananunua na pesa ya unga aki.