Bustani ya Shule Isiwe Mahali pa Adhabu

Katika shule nyingi jembe hukabidhiwa mwanafunzi aliyechelewa au aliyepiga kelele darasani, kisha watu wazima wale wale waliomkabidhi hulalamika kwamba vijana hawapendi kilimo. Kama kweli tunataka watoto wajifunze kuotesha chakula chao kwa njia ya kilimo ikolojia, yaani kilimo kinachofuata mifumo ya asili badala ya kutegemea kemikali za viwandani, hatua ya kwanza ni kuiondoa bustani katika orodha ya adhabu na kuiingiza katika ratiba ya masomo, ikiwa na vipindi vyake na maswali yake.

Maswali hayo hayatafutwi mbali. Mtoto anayeng'oa mche wa maharage kwa uangalifu na kuisuuza mizizi yake ataona vinundu vidogo, na akipasua kimoja kwa ukucha akakuta ndani kuna rangi ya waridi, atakuwa ameshuhudia dalili kwamba bakteria waishio humo wananasa naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea. Vivyo hivyo, lundo la mboji lililochanganywa vizuri majani makavu na mabichi, likapata maji na hewa ya kutosha, linaweza kufikia nyuzi 60 za Selsiasi katika muda wa siku chache. Anayechomeka kijiti katikati yake na kukichomoa kikiwa cha moto hahitaji hotuba ndefu kuhusu vijidudu vinavyoozesha majani hayo na kuzalisha joto hilo.

Somo gumu zaidi, na kwa maoni yangu lenye thamani kuliko yote, ni la wadudu. Vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mimea, wanapovamia mboga, mtu mzima hukimbilia dawa ya kupuliza, ilhali bustani ya aina hii inadai kwanza majani yageuzwe na waliopo watambuliwe. Miongoni mwao huenda akawamo lava mweusi mwenye madoa ya rangi ya chungwa, ambaye kwa sura yake ya kutisha ndiye huuawa mapema, kumbe ni mtoto wa yule mbawakawa mdogo mwekundu mwenye madoa meusi, na hula vidukari kwa wingi. Kuna nyakati subira hiyo haitazaa kitu na tuta zima litapotea. Sioni ubaya, maadamu shule haitegemei tuta hilo kwa mlo wa mchana: ni heri mtoto aonje hasara mahali ambapo haimlazi mtu njaa.

Jambo jingine ni umiliki. Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyefungua shule yake ya watoto wadogo mwaka 1837, alitetea wazo la kila mtoto kuwa na kipande chake kidogo cha bustani, kando ya vipande vya wote. Naliunga mkono, kwa sharti kwamba mtoto achague mwenyewe atakachopanda na ale alichovuna. Mavuno yakiishia katika vikapu vya walimu (na hili hutokea), wanafunzi huelewa upesi kwamba wao ni vibarua.

Linabaki suala la likizo, ambalo huua bustani nyingi kuliko vidukari. Shule ambayo bado haijaamua ni nani atamwagilia wakati madarasa yamefungwa ianze na matuta mawili yenye matandazo mazito ya nyasi au majani makavu ya kuhifadhi unyevu, na iongeze la tatu baada ya hayo kuvuka likizo yakiwa hai.